Nafasi Aliyoongezewa Baba

Baba alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa chumba cha habari cha redio nasubiri taarifa ya saa mbili iishe kusomwa. Si kawaida yake kupiga saa za kazi. Nilitoka nje kwenye korido kabla sijapokea.

"Mama, kompyuta imepona," alisema. "Ila vipimo sivioni."

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikamuuliza nani kaiponya. Akasema ni fundi wa pale Nansio, yule mwenye duka la kutoa fotokopi, ambaye nilisoma naye shule ya msingi. Ilikuwa imegoma tangu Ijumaa umeme ulipokatika ghafla. Baba akaifunga kwenye blanketi, akaipakia kwenye bodaboda, akaipeleka. Imepigwa windo mpya, yaani ule mfumo wa kuiendesha, sasa inawaka upesi na ukiiwasha inakuonyesha milima. Lakini faili lake halipo, na mkutano ni Alhamisi.

Lazima nieleze vipimo vyenyewe, maana bila hivyo hakuna cha kusimulia.

Kijijini kwetu, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Nansio, kulikuwa na gati dogo, na baba alikuwa karani wake. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kusoma alama za rangi kwenye nguzo ya chuma iliyosimikwa majini na kuandika usawa wa ziwa kwa siku hiyo. Gati lilifungwa nikiwa darasa la nne. Nguzo ilibaki, na baba naye akaendelea kushuka kila asubuhi kabla ya chai, bila mtu kumtuma wala kumuuliza. Aliandika tarehe, kipimo, na neno moja au mawili pembeni: upepo, mvua, magugumaji. Akiumwa alishuka mama. Siku tuliyomzika mama alishuka jirani, na baba aliporudi kutoka makaburini alimuuliza imesoma ngapi, akaandika. Hiyo ni zaidi ya miaka thelathini ya madaftari.

Kompyuta nilimpelekea mimi. Ofisini walikuwa wanabadilisha mashine, nikapewa moja ya zamani, ya mezani. Windo yake ilikuwa inaugua virusi kila mtu akichomeka flashi, kwa hiyo mwenzangu wa kitengo cha sauti alinifundisha kuweka mfumo mwingine wa bure pembeni yake, kwenye diski ileile. Ukiwasha, mashine inakuletea orodha ya mifumo miwili na unachagua. Windo niliiacha kwa ajili ya wajukuu na michezo yao. Ule mfumo mwingine ulikuwa wa baba peke yake, na ndani yake nilimtengenezea jedwali la safu tatu.

Alichapa kwa vidole viwili, daftari baada ya daftari, karibu miaka miwili. Alipomaliza aliyafunga madaftari yote kwa kamba ya katani, akampa mama anayeuza karanga sokoni. Kwetu ndivyo ilivyo: karatasi iliyojaa pande zote mbili kazi iliyobaki ni kufungia karanga. Alinisimulia kwa fahari kwamba nyumba imepumua, mchwa watahama wenyewe. Nilicheka na kumpongeza. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na swali la nakala ya pili iko wapi sikuliuliza. Nilikuwa nimeahidi kwenda na flashi ninakili. Tangu niahidi nilikuwa nimekwenda mara nne.

Mkutano wa Alhamisi ulihusu madarasa. Kijiji kilikuwa kimepata fedha za madarasa mawili mapya, na eneo lililopendekezwa lilikuwa uwanda wa chini, karibu na gati la zamani, kwa sababu ni tambarare na lori la mchanga linafika mpaka pale. Baba alipinga. Alisema maji hufika pale na yatafika tena. Watu wazima walikumbuka mwaka ule yalipopanda, lakini walisema ule ulikuwa mwaka wa ajabu, hautarudi. Ni baba tu aliyejua kwamba kabla ya mwaka huo yalipanda mara nyingine, polepole, na kwamba dalili za sasa zinafanana na za wakati huo. Mhandisi aliyetumwa kukagua eneo alimsikiliza vizuri. Akamwambia: mzee, niletee vipimo Alhamisi, niviambatanishe kwenye ripoti, nitapendekeza wahamie kilimani. Bila maandishi siwezi kugusa ramani.

Hayo yote yalinipitia kichwani pale kwenye korido, nami bado nilikuwa mtulivu, kwa sababu nilidhani naijua hitilafu.

"Baba, usihofu," nilimwambia. "Windo ikipigwa upya haifuti mfumo wa pili. Inaufunika tu mwanzo wa diski, pale panapokaa ile programu ndogo inayoleta orodha. Inaitwa butiloda. Nakuja kuirudisha. Ni kazi ya dakika kumi."

"Kwa hiyo vipimo vipo?"

"Vipo."

Nilikuwa nimeirudisha butiloda mara tatu pale ofisini, kwenye mashine tatu tofauti, na mara zote tatu kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikamwambia baba vipo kana kwamba nimeviona.

Nilipanda feri ya kwenda kisiwani kwetu Jumanne. Nilikuwa na begi dogo, mkate, sukari, na flashi yenye mfumo mzima ndani yake, ambao ungeniwezesha kuiwasha ile mashine bila kutegemea diski. Nilifika nyumbani alasiri. Baba alikuwa amefagia sebule na kuvaa shati la kanisani. Kompyuta ilikuwa mezani, kitambaa kimeondolewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Anza kwanza, chai inakuja."

Jirani yetu, mama mmoja mjane aliyekuwa akianua dagaa uani kwake, alisimama mlangoni na ungo wake.

"Daktari kaja leo," alisema. "Sasa mzee, hivyo vipimo vikirudi utaniambia siku niliyozaliwa ziwa lilisoma ngapi?"

"Wewe umezaliwa kabla ya nguzo," baba alimjibu.

"Makubwa! Ananizeesha mbele ya mgeni!"

Niliiwasha mashine kwa flashi. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri na kuiambia inionyeshe diski imegawanywaje. Mistari ikashuka. Niliona mstari mmoja wenye alama ya mfumo wetu, sehemu ndogo ambayo hubeba faili za kuwashia. Nilisema kwa sauti, "Ipo!" Chini yake kulikuwa na mistari mingine miwili. Sikuisoma.

Nikaandika amri ya kuweka butiloda mwanzoni mwa diski. Niliikagua mara mbili nisije nikaiweka kwenye flashi, kosa ambalo wengi hufanya. Nikabonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kumimina chai.

"Inasema nini?" baba akauliza.

"Inasema imemaliza. Hakuna kosa."

"Hakuna kosa," baba alimwambia jirani, kama vile jirani hakusikia.

Nilichomoa flashi na kuizima mashine, nikaiwasha upya. Orodha ikatokea. Mfumo wa baba mstari wa juu, windo mstari wa chini, kama zamani. Baba alivaa miwani, akasogeza kiti.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Niachie mimi."

Alibonyeza mwenyewe kwa kidole cha shahada, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba ya mkubwa. Maandishi meupe yalianza kupanda. Yalipanda kwa kasi, kisha yakasimama. Mstari wa mwisho ulisema sehemu ya diski inayotafutwa haipo. Chini yake kikabaki kijistari kinachowakawaka.

"Inafikiri?" baba akauliza.

"Inafikiri," nikasema.

Jirani aliaga kwa sababu dagaa wake walikuwa wanapata vumbi. Nilingoja mpaka aondoke. Nikarudisha flashi, nikaitisha tena ule mgawanyo wa diski, na safari hii niliusoma wote. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya windo. Ya pili ilikuwa ile ndogo ya kuwashia. Ya tatu, kubwa kuliko zote, ndipo ulipokuwa mfumo wa baba na jedwali lake. Sasa ilikuwa na umbo la windo na jina la D, na ilikuwa imejaa. Ile ndogo ilisalimika kwa kuwa ni ndogo, haikumvutia mtu. Butiloda ilipata humo faili zake za kuanzia, ikaleta orodha, ikafanya kazi yake yote kwa usahihi. Ilikuwa inaonyesha njia ya kwenda mahali pasipokuwepo tena.

Nilimpigia fundi. Niliweka simu kwenye spika, sijui kwa nini. Labda kwa mazoea ya kazi.

"Dada wa redio!" alipokea. "Mashine ya mzee umeiona inavyokimbia?"

"Nimeiona. Kulikuwa na sehemu kubwa ya diski, kabla hujapiga windo."

"Ile isiyo na jina? Ile ilikuwa tupu, dada. Windo inaisoma haina kitu. Mzee wa watu kakaa miaka yote na nafasi imelala bure! Nikaifuta, nikamtengenezea D. Nimemwongezea nafasi nyingi tu."

"Ulimuuliza kama ana kazi zake humo?"

"Kuuliza ndiyo kitu cha kwanza. Nikamwambia, mzee, kazi zako ziko D? Akaniambia yeye hana D. Nikajua hana kitu." Akacheka kidogo. "Halafu nikaona nisimrudishie ikiwa tupu. Nimemjazia kwaya, mahubiri, vichekesho, na muvi zile zilizotafsiriwa. Mpaka ikagoma kupokea. Najua yuko peke yake pale."

Baba alikuwa anaangalia simu. Alikuwa amejibu kweli. Kwenye mfumo wake hakukuwa na kitu kinachoitwa D, nami ndiye niliyemwekea mfumo huo. Na fundi aliuliza swali ambalo kila fundi wa huku huuliza, kwa sababu kila mtu wa huku huweka vitu vyake D, na C, sehemu inayokaa windo yenyewe, hupigwa upya hata mara tatu kwa mwaka bila mtu kulia.

"Dada?" fundi aliita. "Nimeharibu?"

Baba ndiye aliyejibu. "Njoo kesho, mwanangu. Njoo tuangalie."

Jumatano fundi alifika mapema, na pikipiki yake mwenyewe, bila kufungua duka. Alikuwa na diski ya nje mkononi na programu ya kufufua faili. Hakunitazama usoni. Nilimweleza alichojua tayari: kitu kilichofutwa hukaa palepale mpaka kingine kiwekwe juu yake, na yeye alikuwa ameweka kitu juu ya kila mahali. Alisema tujaribu. Tulijaribu.

Programu ilikwenda polepole, asilimia moja baada ya nyingine. Baba alikaa nasi kwa saa ya kwanza, kisha akaenda kumwagilia mchicha. Wakati ikiendelea nilitembea mpaka sokoni kwa muuza karanga. Nilijua jibu, lakini sijawahi kuandika habari bila kumfikia mhusika.

"Yale madaftari ya mzee?" alisema. "Yaliisha zamani, mwanangu. Yalikuwa na karatasi nzuri, ngumu, hailowi mafuta. Ana mengine?"

Niliporudi programu ilikuwa imemaliza. Ilikuwa imekusanya maelfu ya vipande, vyote vimepoteza majina na kupewa namba. Tuligawana kuvifungua, mimi na fundi, kwa zamu. Tulipata picha za vitufe, mlio wa kuwashia, vipande vya kwaya ambavyo alivileta yeye mwenyewe, nusu ya mahubiri. Mchana alifungua kipande kimoja, akasogea pembeni nione. Lilikuwa jedwali la safu tatu. Juu yake: Tarehe, Kipimo, Maelezo. Chini yake visanduku vyeupe hadi mwisho wa ukurasa na kurasa zilizofuata.

Tulimwita baba. Aliinama akalitazama.

"Hili ni lile ulilonipa siku ya kwanza," aliniambia. "Kabla sijaanza."

Tulikula ugali na sato. Fundi alikuwa anakata tonge na kulirudisha.

"Kula," baba alimwambia. "Umeniletea kwaya, nitakunyima samaki?"

Fundi alijaribu kucheka. Badala yake alinyanyuka, akasema anakwenda kunawa, akakaa uani muda mrefu kuliko mtu anayenawa. Alipoondoka aliacha diski yake ya nje mezani, kama dhamana, ingawa hakuna aliyemwomba.

Jioni hiyo baba alichukua karatasi akajaribu kuandika anavyokumbuka. Alikumbuka miaka miwili ya maji makubwa, mwezi yalipoanza kupanda, na jiwe lipi la gati lilifunikwa kwanza. Kati ya hapo alikumbuka kwamba alikwenda kila siku. Namba hazikuja. Alisema ndiyo maana aliandika, ili asilazimike kukumbuka.

Mkutano ulifanyika ndani ya darasa la zamani. Mwenyekiti wa kijiji alifungua kwa sala. Zamu ya baba ilipofika alisimama na karatasi yake moja, akaeleza kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Nilijivunia namna alivyoeleza. Mhandisi alimwachia mpaka mwisho.

"Mzee, nakuamini," alisema. "Vile vipimo vya kila siku, unavyo?"

Baba alinigeukia. Nikasimama. Nimezungumza kwenye kipaza sauti kwa miaka mingi, watu nisiowaona wakinisikiliza kisiwa kizima, lakini pale nilisikia sauti yangu ikieleza mifumo miwili, sehemu isiyo na jina, butiloda iliyorudi na kukuta hakuna kitu. Kadiri nilivyokuwa sahihi ndivyo nilivyoonekana natunga.

"Yaani kompyuta imelimeza ziwa?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.

Darasa zima likacheka. Hata baba alitabasamu. Mhandisi hakucheka, alikuwa anaandika, na nilipopata nafasi ya kuchungulia niliona ameandika mstari mmoja tu: hakuna kumbukumbu za maandishi.

Fundi naye alikuwa amekuja. Alinyoosha mkono akasema kosa ni lake, mzee alikuwa navyo, yeye ni shahidi. Mwenyekiti alimuuliza, "Wewe uliviona?" Akasema hapana, hakuviona, ndiyo maana alivifuta. Wakacheka tena.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na uwanda wa chini ukapita. Wengi walikuwa wazazi wa watoto wanaosoma wakiwa watatu watatu kwenye dawati moja. Kilimani kulihitaji barabara kwanza, na barabara ilimaanisha mwaka mwingine. Sikuweza kuwachukia. Baba hakunyoosha mkono upande wowote.

Baada ya mkutano watu waliteremka uwanda wa chini kuona mahali penyewe. Mhandisi alikuwa na vigingi vya mbao vya kuwekea alama za msingi, nyundo na kamba ya kupimia, na msaidizi aliyetarajiwa hakuwa amekuja. Nyasi zilikuwa fupi na kavu. Ziwa lilikuwa mbali, hatua mia moja au zaidi, limetulia, halionekani kuwa na nia yoyote. Mtu mgeni angesema ni mahali pazuri sana pa shule.

Mhandisi alipigilia kigingi cha kwanza. Akafunga kamba, akatazama waliokuwa karibu naye.

"Mzee, samahani, nishikie hapa kidogo."

Baba alishika. Alisimama pale alipoonyeshwa, miguu pamoja, mkono umenyooka ili kamba isilegee, wakati mhandisi akienda kinyumenyume na ncha nyingine hadi kona ya pili. "Imekaza?" mhandisi aliuliza kwa sauti kutoka kule.

"Imekaza," baba akajibu.

Wakahamia kona ya tatu.